Shada la Ubao wa Stima

Jumatatu, 17 Septemba 2007

Ubao shirikishi umewasili. Umeletwa na pikapu ya duka la vifaa vya ujenzi la Mzee Kirit, mwenyekiti wa kamati ya shule yetu, ukiwa umefungwa katika blanketi na kulazwa juu ya magunia ya saruji. Mpwawe aliyeko Leicester ndiye aliyeutuma. Shule anakofundisha imenunua mwingine mpya. Ni ubao mweupe, mpana kama meza ya walimu. Projekta huangaza picha ya kompyuta juu yake, kisha mtu huchora kwa kalamu isiyo na wino, au hata kwa kidole, na mstari hutokea papo hapo kwa rangi aitakayo. Sidhani kuna mwingine kama huu Nakuru nzima. Sikulisema hilo kwa sauti. Nilisimama tu karibu nao kuliko wenzangu.

Watoto wameshaubandika jina: ubao wa stima. Nimewasahihisha. Hawasahihishiki.

Wakati wa chai ya saa nne, Madam Harpreet, mwalimu mkuu, alitangaza kwamba ubao utafungwa ukutani katika darasa moja, projekta ikazwe darini kwa parafujo, na kwamba baada ya hapo hakuna mtu atakayemwomba aihamishe. Wanaoutaka ni wawili. Mmoja ni mimi, Jamleck Ngigi, mwalimu wa hesabu na sanaa, darasa la saba. Wa pili ni Mwalimu Chepkosgei wa darasa la tatu, mwanamke ambaye huanza kuchora kabla ya kuamua anachora nini. Ijumaa kila mmoja wetu atafundisha somo la kuchora mbele ya Mzee Kirit na wazazi. Somo litakalompendeza Mzee ndilo litakalopewa ubao.

Niliandike hapa, pasiposomwa na mtu, jambo linaloniuma. Jumatano alasiri ni siku ya vyama vya wanafunzi. Mwaka jana Chama changu cha Uchoraji kilijaza chumba hadi wengine wakakaa dirishani. Mwaka huu wamebaki wachache wa kuhesabika kwa mkono mmoja, na kati yao yumo Dhruv, mjukuu wa Mzee Kirit, ambaye nashuku huja ili kuukwepa mpira. Wengine wamehamia kwa Chepkosgei, ambako mtoto huruhusiwa kuchora ng'ombe wa zambarau. Ubao ukifungwa chumbani mwangu, watarudi. Sitawauliza walikuwa wapi.

Nimeazima mwongozo wa ubao. Hakuna mwalimu mwingine aliyeuulizia.


Jumanne, 18 Septemba 2007

Nimeumaliza mwongozo, pamoja na maelezo ya chini ya kurasa. Mambo mawili yanastahili kukumbukwa.

La kwanza: ubao huhisi mguso mmoja tu kwa wakati. Ukiguswa mahali pawili kwa mpigo, huchanganyikiwa na kutia alama katikati ya miguso hiyo miwili. Kasoro ndogo. Haituhusu. Darasani mwangu hagusi kitu ila yule niliyemtaja kwa jina.

La pili ni onyo: kitu chochote kisiegemezwe kwenye uso wa ubao. Onyo la busara, hasa kwa walimu wa madarasa ya chini, ambao huegemeza kila kitu.

Nimejitolea kuwa mtunzaji wa kalamu za ubao. Madam Harpreet alisema ni vyema, maana lazima mtu azitunze. Hakugundua kwamba anayetunza kalamu ndiye anayepanga nani afanye mazoezi na lini. Chepkosgei alipokuja kuomba nafasi ya kuwazoeza watoto wake, nilimpa saa ya chakula cha mchana, wakati darasa la tatu lote liko kwenye foleni ya githeri. Alinishukuru. Akaniuliza kama mimi mwenyewe nimekula. Hilo sikulitarajia, na nililiona kama mbinu.

Mpango ulifaulu kwa muda wa saa moja hivi. Kisha, kupitia dirishani, nikaliona darasa la tatu nyuma ya basi la shule. Basi lilikuwa limerudi kutoka ziara ya Mai Mahiu, nalo lilikuwa na vumbi toka juu hadi chini. Chepkosgei alikuwa amewapanga watoto ubavuni mwa basi, wanachora vumbini kwa vidole. Nilimsikia akiwaambia mstari usitoke kwenye kiganja, utoke begani, wazungushe bega kama mtu anayepaka ukuta chokaa. Dereva alikuwa ameketi kwenye ngazi ya basi akiwaomba wamwachie kioo cha mbele tu.

Nilikwenda kumwarifu Madam Harpreet kwamba mali ya shule imejaa ng'ombe. Alisema atakwenda kuona. Alirudi na kidole cheusi kwa vumbi. Hakusema alichora nini.


Jumatano, 19 Septemba 2007

Siku njema. Nimefanya mazoezi ya somo langu na darasa la saba kwenye ubao wenyewe, ulioegemezwa kwa sasa mbele ya ukumbi.

Somo linaitwa Heroe kwa Hatua. Heroe ni wale ndege wa rangi ya waridi wanaolijaza ziwa letu. Watoto huwaita flamingo, na hapo pia hawasahihishiki. Mwanafunzi wa kwanza hupiga mstari wa maji. Wa pili hutia mguu. Wa tatu hutia goti, ambalo kwa kweli ni kifundo, na nimelieleza jambo hilo kwa kirefu. Kila mmoja huchora sehemu yake tu, kwa kipimo, kisha hurudi kuketi. Mwishoni tulipata heroe mmoja sahihi kabisa. Dhruv aliuliza kama anaweza kufungua mabawa. Nilimweleza kwamba mabawa yamepangwa muhula ujao.

Kuhusu utaratibu wa Ijumaa, nimefanya hesabu. Stima hupotea mtaani kwetu, hapa Section 58, karibu kila siku kabla ya saa sita. Anayefundisha wa pili atafundisha gizani. Kwa hiyo nilipendekeza tufuate ukubwa wa madarasa: la saba kwanza, la tatu baadaye. Nilikuwa na hoja tatu tayari. Chepkosgei alikubali kabla ya hoja ya kwanza. Alisema, "Wakubwa waanze, Mwalimu. Sisi wadogo tutawaangalia tujifunze." Nilitafuta kejeli katika maneno hayo. Sikuipata. Jambo hilo limenisumbua kidogo.

Jioni, nikipita mbele ya duka la Mzee Kirit, niliona jambo lililobadilisha kila kitu. Amenunua lori jipya. Lilikuwa limesimama uani likiwa limevishwa shada refu la maua ya rangi ya chungwa, toka kioo kimoja cha pembeni hadi cha pili, na alama nyekundu kwenye boneti. Nazi ilikuwa imevunjwa mbele ya gurudumu. Mzee alikuwa akiligusa lori lile kwa kiganja, polepole, kama mtu anayempapasa fahali wake. Nilimuuliza mpakiaji mmoja. Akaniambia, "Hiyo ni lazima, boss. Mzee hawezi tumia kitu mpya kabla haijavalishwa maua. Hata wheelbarrow."

Ubao ni kitu kipya. Hakuna aliyefikiria kuuvisha.

Nimempigia simu shemeji yangu Zeddy, anayefanya kazi katika shamba la maua kule Kamere, kando ya ziwa Naivasha.


Alhamisi, 20 Septemba 2007

Maua yamefika asubuhi na gari la samaki. Harufu itatoka. Ni mawaridi mekundu, yaliyokataliwa kusafirishwa Ulaya kwa sababu shingo zake zimepinda. Zeddy anasema kasoro haionekani. Mimi niliiona mara moja, lakini katika shada kupinda hugeuka kuwa mzunguko, na mzunguko ni umbo lililo timilifu.

Niliomba idhini kwa Madam Harpreet. Alinitazama juu ya miwani. Alisema kwao wao, Kalasinga, hawana desturi ya kuvisha mitambo maua, lakini Mzee Kirit, aliye Mhindu, anayo, na bila shaka atafurahi. Kisha akaniuliza kama wazo hili lina uhusiano wowote na mashindano ya kesho. Nilijibu kwamba ni suala la heshima. Akasema, "Sawa, Mwalimu. Heshima basi."

Jioni tulitunga shada, mimi na mke wangu Wangare na binti yetu Lynn, kwa sindano ya gunia na kamba ya katani. Wangare alilinyanyua lilipokwisha na kusema, "Baba Lynn, hii ni maua ama ni nira ya ng'ombe?" Nilimweleza kwamba uzito ni sehemu ya hadhi. Alisema atalikumbuka hilo nitakapolalamikia chapati zake.

Nimepima kila kitu. Shada litaning'inia kwenye msumari juu ya ubao, na ncha yake itaishia upana wa kidole kabla ya kuugusa. Onyo la mwongozo limezingatiwa. Nitatoa hotuba fupi. Nimeridhika sana.


Ijumaa, 21 Septemba 2007

Nitaandika kwa utulivu.

Ukumbi ulijaa. Shada lilikuwa kwenye msumari wake. Nilijaribu kalamu, mstari ulitokea pale pale nilipougusa. Mzee Kirit aliingia akiwa na suti yake ya kijivu, akaliona shada, akasimama. Macho yake yaling'aa. Hapo nilijua nimeshinda.

Nilitoa hotuba. Nilisema kwamba katika jamii ya mwenyekiti wetu chombo kipya huheshimiwa kabla ya kutumikishwa. Kwamba mimi, ingawa ni Mpresbiteri, naona hekima kubwa katika desturi hiyo. Na kwamba maua haya hayataguswa na mkono wa mtu yeyote hadi jua litue. Sentensi hiyo ya mwisho haikuwa kwenye mswada. Ilinijia tu. Wazazi walipiga makofi.

Mzee alikuja mbele, akanishika mkono kwa mikono yake miwili. Alisema amefurahi mpaka hana maneno. Kulikuwa na jambo moja tu. Alilionyesha shada kwa kidole. "Lakini Mwalimu, umevalisha ukuta. Si ukuta ndio mpya." Maua, alieleza, lazima yalale juu ya chombo chenyewe.

Ni nani angembishia? Nilipanda kiti, nikalishusha shada, nikalitundika kwenye pembe ya juu ya ubao, upande wa kulia. Liliteleza. Lilikuwa zito. Niliomba selotepu, nikalibandika usoni mwa ubao, nikalikandamiza kwa kiganja hadi likatulia. Mzee alivunja nazi mlangoni. Maji yakarukia suruali yangu. Niliichukua kuwa dalili njema.

Kisha somo likaanza.

Dhruv alitangulia kupiga mstari wa maji. Aligusa chini kushoto, kama tulivyofanya mazoezi. Mstari haukutokea chini kushoto. Ulitokea katikati ya ubao, mfupi, nusu ya urefu wake, na kutoka hapo mstari mwingine mwembamba ukapaa moja kwa moja hadi kwenye maua. Ungedhani maji ya ziwa yametundikwa kwa kamba. Nilimwambia arudie kwa uangalifu. Alirudia kwa uangalifu. Ikaongezeka kamba ya pili.

Wakaja wengine. Kila walichochora kilitokea pengine, kidogo, kikivutwa na kamba kuelekea kwenye pembe ile. Tulipofika kwenye shingo, heroe alikuwa mdogo kama kifaranga, ananing'inia katikati ya ubao, miguu, kiwiliwili na kichwa vyote vimefungwa. Ukumbi ulikuwa kimya kwa adabu. Mzee Kirit aliinama mbele na kuuliza, kwa upole kabisa, "Mwalimu, huyu ndege amefungwa anapelekwa soko?"

Adabu ya ukumbi iliishia hapo.

Sababu niliijua tangu kamba ya pili. Ubao ulihisi miguso miwili: kidole cha mtoto, na maua yangu. Kwa hiyo ulitia alama katikati. Na mtoto alipoinua kidole, ukabaki na mguso mmoja, wa maua, mstari ukakimbilia huko. Ningaliliondoa shada, kila kitu kingalinyooka. Lakini nilikuwa nimeahidi mbele ya wazazi wote, hadi jua litue. Nilisema kwamba projekta haijapata moto. Tuliingojea ipate moto. Ilipata moto. Nikaketi.

Chepkosgei alikuja mbele na darasa lake. Alisimama akiutazama ubao, kisha maua, kisha ubao. Alijaribu kwa kidole, mara moja. Nilikaa wima kitini. Nilitaraji afanye jambo la wazi, alitoe lile shada. Angemvunjia Mzee heshima mbele ya watu, na mimi ningaliokoka.

Hakulitoa. Aliwageukia watoto. "Haya watu wangu, mmeona. Leo huu ubao unafunga kila kitu kamba, hautaki kuachilia. Sasa niambieni, ni kitu gani hupenda kufungwa kamba?"

Ng'ombe, mmoja akasema. Mbuzi. Mwingine akasema suruali ya babu yake. Kisha Wachuka, kasichana kasiko na meno ya mbele, akasema, "Tiara, teacher. Ile ya karatasi, ya kurusha. Na hayo maua ndio mkono inashika."

Sote tuliona kwa pamoja. Kamba zote zilikusanyika kwenye lile shada, kama nyuzi katika ngumi ya mtu aliyesimama juu ya paa akirusha tiara siku ya upepo.

Kuanzia hapo hapakuwa tena na somo ninaloweza kulieleza kwa hatua. Walikuja wakizungusha mabega, kama walivyofanya kwenye basi. Tiara nyekundu, tiara ya kijani, tiara yenye mkia wa mapindo. Waligundua wenyewe kwamba kila kitu hutoka nusu, basi wakachora makubwa, kuanzia pembe hadi pembe, wengine wakipiga magoti kufikia chini. Mmoja alichora ng'ombe wa zambarau mwenye kamba, na hakuna aliyemkataza. Mzee Kirit aliondoka kitini pake. Aliomba kalamu ya rangi ya chungwa. Aliwaambia watoto kwamba kila Januari, alipokuwa na umri wao, watoto wa mtaa wote walipanda juu ya paa la duka la babake hapa mjini, wakirusha tiara na kukatana nyuzi, na kwamba tiara yake moja ya chungwa ilikatwa na jirani yake Jasbir, naye hajamsamehe hadi leo. Alichora tiara ile. Ilitokea nusu, ikafungwa kamba. Akasema, "Sasa imerudi," na watoto wakapiga makofi, na nadhani Madam Harpreet alifuta miwani yake bila ya sababu.

Dhruv alinigeukia na kuniuliza kwa nini ni nusu. Si theluthi. Si robo. Nusu.

Ni swali zuri. Hajawahi kuniuliza swali zuri. Nilisimama, nikachukua rula yangu ya mbao, nikapima toka kidole chake hadi kwenye maua, nikawaonyesha mahali mstari unapotokea: katikati barabara. Walitaka kujaribu. Wachuka aligusa, nikapima, katikati. Darasa la saba wakabashiri mahali alama itakapotokea, wakapatia, wakashangilia. Baba mmoja aliuliza kama naye anaweza. Nilisahau kwa muda kwamba nilikuwa nikishindana. Ninalitaja hilo kama ukweli tu, bila ya kulitathmini.

Stima ilipotea kabla ya saa sita, kama nilivyokuwa nimekadiria. Chepkosgei alikuwa ameshamaliza.

Ubao umepewa darasa la tatu. Mzee alinong'ona na Madam Harpreet kwa muda mfupi tu. Baadaye Chepkosgei aliniletea sambusa kwenye karatasi. Alisema alikuwa amepanga kuchora ng'ombe kama wa basini, basi, na kwamba bila ya maua asingepata lolote la maana. Akauliza ni nani aliyeyatunga vizuri hivyo.

Nikamwambia ni mimi.


Jumamosi, 22 Septemba 2007

Nimemsimulia Wangare. Alicheka hadi akaweka kisu chini. Alikuwa akimenya viazi vya Mau Narok, na viazi hivyo havimchekeshi kwa kawaida. Aliuliza kwa nini sikutoa tu hayo maua. Nilimweleza kuhusu ahadi. Aliuliza ni nani aliyenilazimisha kuahidi. Nilimweleza kuhusu hotuba. Akasema, "Baba Lynn, siku ingine usiguse kitu. Fundisha tu. Watoto walikupenda pale mwisho."

Ushauri wa mtu asiyeujua uwanja.

Nimelichambua jambo lenyewe kwa utaratibu. Je, shada lilikuwa kosa? Hapana. Hakuna kitu kilichosifiwa zaidi siku hiyo. Wazazi walilitaja mlangoni, Mzee alitaka kujua maua yalitoka wapi, hata mshindi mwenyewe alikiri kwamba asingepata lolote bila yake. Shada lilifaulu kikamilifu. Lilifaulu tu kwa mtu mwingine. Kosa, basi, lilikuwa katika mpangilio: ningalifundisha wa pili. Sababu imepatikana na akili imetulia.

Suruali imefuliwa. Doa la nazi limetoka.


Jumatatu, 24 Septemba 2007

Habari njema zimefuatana.

Fundi amekaza projekta katika dari la darasa la tatu. Nilimsaidia kupima, kwa kuwa alikuwa anaelekea kuikaza upande. Chepkosgei alinishukuru, kisha akaja na pendekezo: kwa vile wanachama wangu wanautamani ubao, na wake wamekuwa wakiuliza Mwalimu wa rula atakuja lini, kwa nini vyama vyetu visikutane pamoja kila Jumatano, chumbani mwake, nami nikawafundisha vipimo? Nilitafakari kwa muda unaofaa. Nikakubali. Kwa hiyo Chama changu cha Uchoraji kina wanachama wengi kuliko wakati wowote katika historia yake. Kinakutania tu chumbani mwake. Wiki hii tunaanza mabawa. Dhruv ameshaarifiwa.

Habari ya pili ni kubwa zaidi. Mzee Kirit, kwa furaha ya Ijumaa, anatuletea kengele ya umeme. Tutaachana na ile ringi ya gurudumu la lori inayogongwa kwa nondo. Itafungwa mlangoni mwa mwalimu mmoja, ambaye ataidhibiti. Yaani, ataamua dakika ya kila kipindi katika shule nzima. Wanaoitaka ni wawili. Mimi, na Wamalwa, mwalimu wa michezo, ambaye akipewa kengele mchana mzima utakuwa mpira. Itazinduliwa kesho, mbele ya Mzee.

Wamalwa hajafikiria kuivisha.

Zeddy amethibitisha kwamba maua yatafika alfajiri na gari la samaki. Nimeagiza shada nene zaidi. Nimesoma pia mwongozo wa kengele, ambao ni mfupi. Unasisitiza kwamba kinyundo kidogo kinachogonga kikombe ili kengele ilie kiachwe huru, kisiguswe na kitu. Onyo la busara, kwa watu wa michezo.

Safari hii sitangoja Mzee aniambie. Maua hayataning'inia msumarini. Yatalala juu ya kengele yenyewe, kikombe, kinyundo na vyote, nami nimenunua selotepu ile pana ya kufungia makatoni. Nimeshaandika hotuba, na sentensi ya mwisho mara hii imo kwenye mswada. Kesho saa mbili kamili nitabonyeza swichi, na shule nzima itasikia.